Amri Zinazopikwa Pamoja

Kuna watu wanaofurahia nguo mpya, na kuna wanaofurahia ingokho, kuku wa kienyeji, wakija wageni. Mildred Navalayo wa Amalemba alifurahia fujo. Sisemi fujo ya ugomvi, la hasha, ile hakuitaka hata kwa dawa. Nasema fujo ya vitu. Mwonyeshe kabati lisilopangwa tangu siku fundi alipolipiga msumari wa mwisho, au vitabu vya nyimbo vilivyochanganywa na watoto wa Sunday School, utamwona anakunja mikono ya blauzi na macho yanamng'aa. Miaka yote aliyofanya kazi katika maktaba moja mjini Kakamega, wenzake walimwachia rafu ambazo wao hawakutaka hata kuzitazama, na yeye akawashukuru kwa moyo mweupe. Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akabaki nyumbani akipanga vijiko, mpaka mwanawe Cleophas akawa haoni pa kuchukua kijiko bila kuulizwa atakirudisha wapi.

Sasa fikiria hali yake asubuhi moja ya mwaka 1999, pale Kipyegon alipomwekea mezani boksi lililowahi kubeba sabuni, likiwa limejaa karatasi mpaka mdomoni.

"Madam, hiyo ndiyo rejea ya Fito," Kipyegon alisema, akiona haya kidogo. "Kila kitu kiko humo ndani. Shida ni kwamba hata mimi sijui kiko wapi."

Mildred alichungulia. Kulikuwa na karatasi za printa zenye matobo pembeni, kurasa zilizochanwa kwenye daftari la shule, kipande cha kalenda, kadi ya mwaliko wa harusi iliyoandikwa upande wa nyuma. Moyo ulimruka. "Hii yote ni yangu?" aliuliza.

Nieleze kidogo Fito ilikuwa nini, ili tusiachane njiani. Kituo kilichomwita Mildred kwa kazi ya muda, kilichokodi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shamba, kilikusanya habari za mbegu za kienyeji: nani ana wimbi gani, nani bado anatunza njugu mawe za nyanyake, na anaishi wapi. Habari hizo zilikaa kwenye databesi, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Ghala lilikuwa limejaa, ila lilikuwa halina mlango ambao mtu wa kawaida angeweza kuufungua. Ndipo Kipyegon, kijana wa Lugari aliyerudi kutoka chuoni na suruali zilizomkimbia vifundo, akatengeneza kiunzi. Ukiandika amri moja, kiunzi kinaenda ghalani, kinachukua unachotaka na kukutolea ukurasa safi kwenye skrini, kama kurasa za intaneti ambazo watu wa mji walikuwa wameanza kuzisikia. Akakiita Fito, kwa sababu nyumba haikandikwi udongo kabla ya fito kufungwa. Na amri zake akaziandika kwa Kiswahili: Tafuta, Ongeza, Badili, Futa, na nyinginezo nyingi. Alikuwa amechoka kuona watu wazima wakiogopa kibodi kana kwamba itawauliza maswali ya mtihani.

Kazi ilikuwa nzuri sana. Kilichokosekana ni mtu mwingine chini ya jua aliyejua kuitumia.

Mwenyekiti wa kamati ya wakulima, Mwalimu Joash wa Malava, aliyestaafu uhedimasta lakini hakustaafu kukunja uso, alikuwa ameshatoa neno lake. Vituo vya Malava, Matungu na Ekero vilingoja kupewa kompyuta. "Mimi sitaki programu ya kutembea na mwenyewe," alisema. "Mtu asiyejua kitu akae na kitabu, kitabu tu, na kazi ifanyike. Ikishindikana, tutachukua ile ya Nairobi, na hapa tutafunga."

Kwa hiyo kitabu ndicho kilichokuwa kwenye mizani, na Mildred alilijua hilo. Kikifaulu, Fito inaenda vituo vyote na yeye anakuwa mtunza rejea wake wa kudumu. Kikianguka, anarudi kwenye vijiko. Cha ajabu ni kwamba hakuogopa. Alifurahi mpaka akasahau mwavuli nyumbani siku tatu mfululizo, na mvua ya mchana ya Kakamega haisahau mtu.

Alikata kadi, na kila amri akaipa kadi yake: inafanya nini, inaandikwaje, mfano wake ni upi. Alivumbua mambo ambayo mwenyewe Kipyegon alikuwa ameyasahau. Nyuma ya ile kadi ya harusi palikuwa na maelezo kwamba amri ya Badili haitupi jina la zamani. Inaliweka chini ya jipya, baada ya maneno "kutoka kwa".

"Hii inafanya kazi kweli?" Mildred aliuliza.

Kipyegon alijikuna kichwa. "Niliiweka mwaka jana. Ngoja." Akajaribu, ikafanya kazi, wakacheka wote wawili mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Kisha Mildred akapanga kadi zake jinsi maktaba ilivyomfundisha, kwa alfabeti, bila kadi hata moja kukosea foleni. Badili, Futa, Hifadhi, Ongeza, Panga, Tafuta, na kuendelea mpaka Unganisha. Akapiga chapa, akashona kwa uzi mweupe, na kwenye jalada akaandika jina la Kipyegon, na chini yake, kwa herufi za kutosha kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, jina lake. Alikitembeza kitabu kile mkononi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Mtu wa kujaribu alitoka Matungu. Chrispinus alikuwa karani wa ghala la mbegu na katekista wa kigango chao, mtu mpole, nadhifu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Kipyegon alimwashia mashine, akaiacha tayari imeunganishwa na ghala, kisha yeye, Mildred na Mwalimu Joash wakakaa nyuma wakinyamaza kama walivyoagizwa.

Chrispinus alipangusa viganja, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza. Akasoma wote, midomo ikicheza. Akaandika mfano wa Badili kama ulivyo, akabonyeza, skrini ikabadilika.

"Imekubali!" alisema, na uso wote ukafunguka. Mildred alijishika magoti asiruke.

Chrispinus akafunua ukurasa wa pili. Naam, wa pili ulikuwa Futa. Akausoma kwa heshima ileile, akaandika mfano wake kama ulivyo, neno kwa neno, na akabonyeza kabla mtu hajapata pumzi ya kupiga kelele. Mfano ule, ambao Kipyegon aliuandika kwa haraka zake na Mildred akaunakili kwa uaminifu wake, ulifuta wakulima wote.

"Imekubali tena!" Chrispinus aligeuka akitabasamu. Nyuma yake skrini ilikuwa nyeupe pe, na juu kabisa neno moja: Hakuna.

Kipyegon aliruka kutoka kitini. "Sasa wewe, nani husomanga rejea hivyo? Rejea si Injili! Unatafuta ile unataka, unasoma hiyo tu!"

"Mimi husomanga kitabu kuanzia mwanzo," Chrispinus alisema, tabasamu likimtoka polepole. "Kwani nyinyi huanzanga wapi?"

Disketi za nakala zilikuwepo, ghala likarudishwa kabla ya chai, kwa hiyo usiwalilie wakulima. Kilichoanguka ni kitabu. Mwalimu Joash alilitazama jalada, akalitazama jina la Mildred kwa muda ambao haukuhitajika, akasema kamati itakutana Ijumaa na kwamba yeye ni mtu wa kutoa nafasi ya pili ila si ya tatu. Akavaa kofia, akaenda zake.

Mildred aliona aibu, na alikuwa na hasira pia, sana, lakini si na Chrispinus. Alimsindikiza mpaka barabarani na kumwomba radhi.

"Hapana, madam, kosa ni langu," Chrispinus alisema. Kisha akasita. "Lakini niulize. Kwa nini mtu afute mkulima?"

"Labda amekufa."

"Akifa mbegu hazifi. Kwetu mama akiondoka, kibuyu cha mbegu kinaangukia mke wa mtoto wake, yule aliyekuwa anapanda naye. Ukifuta mama, hiyo mbegu tutaitafuta wapi?"

Mildred aliitikia kwa kichwa. Alimwona akipanda gari la Mumias, akageuka kwenda sokoni kununua mboga, kwa kuwa hata siku mbaya ina chakula cha jioni.

Mama Awinja alikuwa akimuuzia mboga tangu enzi za maktaba. "Mulembe, Mama Cleophas. Leo uso umenuna."

"Mulembe. Nipe mrenda."

"Mrenda na nini?"

"Mrenda tu."

Mama Awinja aliweka mikono kiunoni. "Mrenda tu! Nani amewahi kuona? Mrenda hatupikangi peke yake, utavutika mpaka kwa jirani. Chukua na likhubi. Na munyu wa majivu uko hapo kando yake, kwa sababu bila huo majani hayataiva. Kwani wewe umeanza kupika leo?"

Mildred alifungua mdomo amjibu, halafu akaufunga. Aliitazama meza ile, ambayo aliizoea kama kiganja chake, na ilikuwa kana kwamba mtu amemwashia taa. Mrenda ulikaa na likhubi, yale majani ya kunde. Munyu ulikaa kando ya vyote viwili. Miro na tsisaka, mboga nyingine mbili za kienyeji, ziliegemeana upande wa pili. Hakuna mboga iliyopangwa kwa jina lake. Zilipangwa kwa sufuria! Na ndiyo maana mtu hakuweza kutoka mezani pale na nusu ya chakula, hata akiwa mgeni, hata akiwa amenuna.

"Mama Awinja!" alipiga ukelele, akamkumbatia juu ya meza, nyanya mbili zikaanguka. "Wewe!"

"Nimefanya nini tena?"

Lakini Mildred alikuwa ameshaondoka mbio, mrenda mkono mmoja na likhubi mkono wa pili. Watu walimpisha, wakidhani amepokea habari mbaya kutoka kwao.

Kipyegon alikuwa bado ofisini, ameinamia meza. Mildred aliweka mboga juu ya printa, akapindua sanduku la kadi, zote zikamwagika sakafuni. Fujo kubwa ajabu. Alipiga magoti katikati yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka.

"Mtu akitaka kutafuta mbegu, anaanza na amri gani?" aliuliza.

"Unganisha. Halafu Tafuta. Halafu pengine Panga, ili majina yaje kwa utaratibu."

"Basi hizo ni sufuria moja!" Akaziweka pamoja. "Na anayeingiza mkulima mpya?"

"Unganisha, Ongeza. Akikosea, Badili."

"Sufuria ya pili. Sasa Futa."

Kipyegon aliiokota kadi ya Futa. "Futa… kabla ya Futa lazima Hifadhi. Ninafanyanga hivyo kila siku. Sikuandika kwa sababu…" Alitafuta sababu, akaikosa. "Kwa sababu mimi naijua."

"Umeona sasa? Wewe unajua mrenda hupikwa na nini, basi ukauza mrenda peke yake."

"Madam, hii ni databesi, si mboga."

"Nimekusikia. Nijibu tu, umewahi kula mrenda mtupu?"

Kipyegon alisema kwao Lugari mrenda haukuwa mambo yao hasa, lakini alikaa chini sakafuni akaanza kusogeza kadi. Walibishana sana, na ubishi ulikuwa mtamu. Yeye alishikilia kwamba anayejua anachokitaka asilazimishwe kupita jikoni nzima, na Mildred akaona ni kweli, kwa hiyo ile alfabeti yake aliyoipenda ikaenda nyuma ya kitabu, majina tu na namba za kurasa. Juu ya kila amri Mildred akaweka mstari mmoja mpya: "Hupikwa na." Kipyegon alisema hakuna rejea duniani yenye maneno hayo. Mildred akasema basi hii itakuwa nayo. Hifadhi ikapigwa chapa juu ya Futa kwenye ukurasa huohuo, ili jicho lisiweze kuifikia ya chini bila kupita kwa ile ya juu. Mfano wa Futa ukamfuta mtu mmoja tu, wa kubuni. Na mwishoni, akikumbuka yale ya barabarani, Mildred akaongeza kwa maneno yake mwenyewe: "Kama mwenye mbegu ameondoka lakini mbegu bado ina mtunzaji, usifute. Unachotaka ni Badili, kurasa chache kabla ya hapa."

Jalada akaliacha na jina la Kipyegon peke yake. Alipoulizwa, alisema nafasi haikutosha. Nafasi ilikuwepo, sana tu.

Ijumaa kamati ilijaa chumbani. Mildred alitazama mlangoni kuona atakayejaribu, na asimwone mtu mgeni. Mwalimu Joash alivua kofia, akaiweka juu ya printa, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nitakaa mimi," alisema. "Sijawahi kuigusa hii kitu."

Na mzee, kama alivyosoma gazeti siku zote, akakifungua kitabu kutoka nyuma.

Kutoka nyuma! Kipyegon alimkanyaga Mildred mguu kwa furaha, kwa sababu nyuma ndiko ilikokuwa ile orodha ya alfabeti. Kidole cha Mwalimu kilishuka taratibu, kikapita Badili na kusimama kwenye Futa. Mzee hakuja kujaribu tu, alikuwa na lake. Akafunua ukurasa, akasoma, akarudi mwanzo kwa Unganisha, akaandika kwa kidole kimoja. Akaandika Hifadhi, mashine ikanguruma na kunyamaza. Kisha akaandika Tafuta, na kwenye skrini likatokea jina ambalo Kipyegon alikuwa ameliingiza mwaka uliopita: wimbi mwekundu, Malava, mtunzaji Loice.

Kila mtu mle ndani alijua kwamba Loice alikuwa mke wake, na kwamba walimzika baada ya Krismasi. Hakuna aliyewahi kumsikia akilisema jina hilo tangu siku ile.

"Haifai mtu asiyekuwepo akae kwenye kazi ya watu," Mwalimu Joash alisema, bila kumtazama mtu. Akarudi kwenye ukurasa wa Futa. Akasoma, kidole chini ya kila neno, kama alivyowafundisha watoto maisha yake yote. Kidole kikafika mwisho wa ukurasa, kwenye yale maneno machache, kikasimama hapo. Akayasoma tena.

Kisha akarudisha kurasa nyuma, bila kuambiwa na mtu, mpaka Badili.

Aliandika polepole jina la Chepkirui, mke wa mwanawe, binti wa kutoka Lugari aliyepalilia na Loice misimu yote. Akabonyeza. Ukurasa ukatoka: wimbi mwekundu, Malava, mtunzaji Chepkirui. Na chini yake, kwa herufi ndogo: kutoka kwa Loice.

Mwalimu Joash aliweka kidole chini ya mstari ule. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa na wala hakuyaficha. "Bado yuko," alisema. "Hapo chini. Bado yuko." Halafu akapiga meza kwa kiganja, chumba kizima kikashtuka. "Na hakuna mtu amenishika mkono! Mmeona? Kitabu hiki kiende Malava, kiende Matungu, kiende Ekero!"

Kelele ilipanda mpaka dukani. Kipyegon alikuwa akiruka na kugonga dari kwa kichwa bila kujali. Mildred alilia na kucheka kwa pamoja, mambo ambayo hakujua yanawezekana kwa uso mmoja, mpaka aliposikia mzee akimwita.

Mwalimu Joash alikuwa amekifunga kitabu, anatazama jalada. "Safari ile palikuwa na jina la pili hapa."

"Nafasi, Mwalimu," Mildred alianza.

Mzee hakumsikiliza. Alikifungua kutoka nyuma, kidole kikashuka kwenye alfabeti, akaenda mpaka ukurasa aliokuwa akiutaka, akamgeuzia Mildred na kumwekea kidole palepale. Ongeza.

Mildred alivuta kiti, akaanza kuandika jalada upya. "Jina langu liende juu au chini?" alimuuliza Kipyegon, akipangusa macho.

"Weka majina mstari mmoja, madam," Kipyegon alisema, akijikanda kichwa. "Hayo hayapikwangi peke yake."